Mwenzako wa Kufuma Akipata Saratani ya Titi: Jinsi ya Kusimama Naye Hadi Amalize Matibabu

Mama, huenda nawe una kikundi chako. Mnakutana Jumamosi jioni barazani kwa mmoja wenu, kila mtu na kikapu chake cha nyuzi. Mnafuma vitambaa vya makochi, kofia na sweta za watoto wachanga. Mikono inafanya kazi, midomo inaongea. Kisha Jumamosi moja mwenzenu haji. Inayofuata haji tena. Baadaye mnasikia kwamba ameambiwa ana saratani ya titi.

Makala haya ni kwa ajili yako wewe uliyebaki barazani, na pia kwa dada, binti, mkwe au jirani anayemuuguza nyumbani. Nimeyaandika kama muuguzi wa afya ya jamii, kwa sababu ya jambo moja nililoliona katika kikundi cha aina hiyo.

Mama mmoja wa kikundi hicho alipangiwa dripu sita za dawa za saratani. Alipata tatu, kisha akaacha. Nauli ilikuwa imemwishia. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, akashindwa hata kushika sindano ya kufumia, akaona hata kikundini hana tena cha kufanya. Wenzake hawakuwa watu wabaya. Wengine walidhani anataka kupumzika, na kila mmoja aliamini kwamba mwingine ameshakwenda kumwona. Zilipita wiki saba kabla mtu hajabisha hodi.

Alirudi hospitali, na nitaeleza mbele jinsi alivyorudi. Lakini wiki saba ni nyingi. Dawa zikikatizwa, chembe za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kukua tena, na daktari hulazimika kupanga upya. Ndiyo maana, kati ya yote utakayosoma hapa, naomba ushike hili zaidi: msaada mkubwa unaoweza kumpa mwenzako ni kumsaidia aanze matibabu mapema na ayamalize.

Anapitia hatua gani?

Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kupapasa tu. Kwa kawaida hospitali hufanya mambo matatu: mtaalamu hulichunguza titi kwa mikono, hupiga picha ya ultrasaundi au ya mamografia, kisha huchukua kinyama kidogo kwenye uvimbe kikapimwe maabara. Majibu ya kinyama ndiyo yanayosema kama ni saratani na ni ya aina gani.

Wengi huogopa kipimo cha kinyama wakidhani kwamba saratani "ikiguswa na chuma" inasambaa. Si kweli. Bila kipimo hicho daktari hawezi kuchagua dawa inayofaa.

Saratani ikithibitishwa, matibabu huwa na sehemu kadhaa, na si kila mgonjwa hupata zote:

- Upasuaji wa kuondoa uvimbe au titi zima, mara nyingi pamoja na baadhi ya tezi za kwapani.
- Dawa za saratani za dripu, ambazo wengi huziita kemo. Aghalabu hutolewa kila baada ya siku 21, kwa miezi kadhaa.
- Mionzi. Mgonjwa huenda hospitali Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa mfululizo.
- Vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni, kwa saratani zinazokua kwa msaada wa homoni. Hivi humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba hii ni safari ndefu. Watu hujaa nyumbani wiki ya kwanza, chakula kinapikwa hadi kinamwagwa, kisha mwezi wa tatu hakuna mtu. Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu ya kupunguza vifo vya saratani ya matiti: angalau wagonjwa 60 kati ya 100 wagundulike saratani ikiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na wagonjwa 80 kati ya 100 wapate matibabu yao na kuyamaliza. Kumaliza kumepewa lengo lake. Na hapo ndipo kikundi chenu kinapoweza kufanya kazi ambayo hospitali peke yake haiwezi.

Siku utakayopata habari

Nenda ukamwone, au mpigie simu. Huhitaji maneno mazuri. Unaweza kusema: "Pole sana mwenzangu. Nimesikia, na nimekuja. Tutakuwa pamoja." Kisha nyamaza umsikilize. Akilia, mwache alie. Asipotaka kuongelea ugonjwa, ongeleeni nyuzi.

Maneno mengine, hata yakitoka kwa nia njema, yanaumiza:

- "Shangazi yangu naye alikuwa nayo, akafa baada ya miezi miwili." Kila saratani ni tofauti, na hadithi hiyo haimsaidii.
- "Hilo limetupwa na watu, twende kwa mtaalamu wa jadi kwanza." Kila wiki anayopoteza inaweza kumgharimu.
- "Usilie, we ni jasiri." Ana haki ya kuogopa.
- "Ukihitaji chochote sema." Mgonjwa hasemi. Badala yake mwambie: "Jumanne nitakuja kufua na kuchota maji. Nije asubuhi au jioni?"

Muulize pia nani anaruhusiwa kujua. Ugonjwa ni wake, na habari ni zake. Usitume ujumbe kwenye kundi la simu, usitangaze kanisani au madrasa, wala usiombe michango kabla hajakubali. Wapo akina mama ambao waume zao au watoto wao walisikia habari hiyo kwa jirani kwanza. Jambo kama hilo haliponi upesi.

Mambo ambayo si ya kweli

Saratani haiambukizi. Unaweza kumkumbatia, kula naye sahani moja, kukaa naye mkeka mmoja na kutumia sindano na uzi alioushika. Mtoto wake anaweza kulala kitandani kwake.

Mionzi inayotolewa kwa mashine kutoka nje ya mwili haibaki mwilini. Akitoka chumba cha mionzi anaweza kubeba mtoto na kukaa na mjamzito.

Kupata saratani ya titi si adhabu wala matokeo ya kuweka pesa kwenye sidiria. Pia si kwamba hakunyonyesha vizuri. Usimtafutie kosa.

Kuhusu dawa za miti shamba, usimgombeze. Mwambie kwa upole amweleze daktari kila anachokunywa, hata kama ni unga wa majani tu, kwa sababu baadhi huzuia dawa za hospitali zisifanye kazi au huumiza ini pamoja nazo. La muhimu asiache dripu akazifuata hizo.

Mikono yake: jambo ambalo wafumaji mnapaswa kulijua

Watu wengi wanajua kwamba kemo hung'oa nywele. Wachache wanajua kwamba matibabu ya saratani ya titi yanaweza kugusa mikono, na mikono ndiyo iliyomleta kikundini. Kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni ganzi ya vidole. Baadhi ya dawa za dripu, hasa paklitakseli na dosetakseli, huathiri mishipa ya fahamu. Mgonjwa huhisi vidole vya mikono na miguu vinachomachoma, vinawaka au vimekufa ganzi. Anaangusha vikombe, anashindwa kufunga vifungo, na kitanzi cha uzi kinamponyoka. Wengi hudhani ni jambo la kuvumilia, wanakaa kimya. Mwambie amweleze daktari au muuguzi kabla ya dripu inayofuata. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kuahirisha kidogo. Kwa wengi ganzi hupungua taratibu baada ya dawa kwisha, ingawa inaweza kuchukua miezi mingi, na kwa wengine hubaki kiasi.

Wakati ana ganzi, awe mwangalifu jikoni. Hahisi joto kama zamani, kwa hiyo anaweza kuungua na sufuria bila kujua. Ashike kwa kitambaa kinene, apime maji ya kuoga kwa kiwiko, na avae viatu hata ndani ya nyumba.

La pili ni mkono kuvimba. Akiondolewa tezi za kwapani au zikipigwa mionzi, maji ya mwili yanaweza kushindwa kurudi vizuri kutoka kwenye mkono wa upande huo. Mkono unakuwa mzito, pete inabana, ngozi inavutika. Hali hii inaweza kuanza baada ya wiki chache au hata baada ya miaka. Ikiwahiwa hudhibitiwa vizuri zaidi, hivyo asisubiri.

Mkono huo haupaswi kufungwa kama yai. Mazoezi mepesi aliyofundishwa hospitali ni lazima ayafanye, na kazi za mikono kama kufuma zinaruhusiwa kidonda kikipona. Cha kuepuka ni kuurudia ghafla mzigo mkubwa: ndoo ya lita 20, gunia, kutwanga kwa muda mrefu. Kila kidonda kidogo kwenye mkono huo kioshwe kwa maji na sabuni na kifunikwe. Akidarizi kwa sindano yenye ncha kali, avae subana, ile kofia ndogo ya chuma ya kidoleni. Na akienda kupimwa presha au kuchomwa sindano, aseme alifanyiwa upasuaji upande gani ili watumie mkono mwingine pale inapowezekana.

Mnaweza kumrahisishia hivi:

- Mpe uzi mnene na sindano ya kufumia nene. Unaweza kuizungushia kitambaa ili isiteleze.
- Afume kwa dakika 15 au 20, kisha apumzike, anyooshe vidole na mabega.
- Awekewe mto chini ya mkono ili usining'inie.
- Siku vidole vikigoma, ampe mwenzake afume naye achague rangi, ahesabu mistari au amfundishe binti anayeanza.

Panga msaada kwa kufuata siku za dripu

Mwombe mlezi wake tarehe za dripu, mziandike kwenye daftari la kikundi. Siku 21 kati ya dripu moja na nyingine hazifanani, na msaada pia usifanane.

Siku ya dripu. Anahitaji mtu wa kumsindikiza. Siku hiyo ni ndefu: kupima damu, kusubiri majibu, kumwona daktari, kisha dripu yenyewe. Beba maji, chakula chepesi na shuka. Beba daftari uandike anayosema daktari, maana mgonjwa mwenye hofu husahau nusu ya aliyoambiwa.

Siku chache za mwanzo. Kichefuchefu na uchovu. Uchovu huu haumaliziki kwa kulala usiku mmoja, kwa hiyo usimwite mvivu. Ampatie tumbo chakula kidogo mara nyingi: uji, ndizi za kuchemsha, wali laini, mtindi. Vyakula visivyo na harufu kali humfaa zaidi. Atumie dawa za kuzuia kutapika kama alivyoandikiwa, asisubiri mpaka atapike. Kwa siku mbili au tatu baada ya dripu, dawa hutoka pia kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha avae glavu, anawe mikono kwa sabuni, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Kama ni wewe mjamzito, mwachie mwingine kazi hiyo.

Kuanzia karibu siku ya 7 hadi ya 14. Hapa ndipo kinga ya mwili hushuka zaidi. Mwenye mafua, kikohozi au mtoto mwenye tetekuwanga asiende kumtembelea. Tumeni chakula, pigeni simu. Kila anayeingia anawe mikono. Chakula kiive vizuri, matunda yaoshwe kwa maji safi na kumenywa, na maji ya kunywa yachemshwe.

Vidonda vya mdomoni navyo hutokea siku hizi. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, mara kadhaa kwa siku, na atumie mswaki laini.

Wiki ya tatu. Mara nyingi nguvu hurudi kidogo. Huu ndio wakati wa kumwalika barazani, au kikundi kihamie kwake kwa saa moja.

Nywele kwa kawaida huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza. Msingoje. Kabla hazijatoka, mfumieni kofia mbili tatu za uzi laini wa pamba, kwa rangi anazozipenda yeye. Uzi wa sufu huwasha kichwa kisicho na nywele.

Na kama ameondolewa titi, liko jambo ambalo wafumaji wa nchi mbalimbali hulifanya: hufuma titi la uzi laini wa pamba, lililojazwa pamba nyepesi inayofulika, la kuweka ndani ya sidiria. Ni jepesi na halina gharama kubwa. Muulizeni kwanza kama anataka, maana wapo wasiotaka. Alivae baada ya kidonda kupona kabisa na muuguzi kumruhusu.

Nauli, malazi na pesa

Hapa ndipo wagonjwa wengi huacha. Huduma kamili za saratani ziko hospitali chache. Kwa Tanzania, wengi hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza au KCMC mjini Moshi. Anayetoka kijijini analipa nauli kila baada ya wiki tatu, na wakati wa mionzi anahitaji mahali pa kulala kwa wiki nzima, tena na tena.

Kikundi kinaweza:

- Kutenga nauli yake na ya msindikizaji mmoja kabla ya kila tarehe. Nauli ya uhakika inamfaa zaidi kuliko mchango mkubwa wa mara moja.
- Kuulizana nani ana ndugu karibu na hospitali anayeweza kumpokea.
- Kuweka pesa kwa mhazini mmoja, na matumizi yaandikwe. Pesa isiyoandikwa huzaa maneno, na maneno humfikia mgonjwa.
- Kuuza vitambaa mnavyofuma kwa ajili hiyo, kama mwenyewe ameridhia.
- Kumkumbusha abebe barua ya rufaa, majibu ya kinyama, kadi ya kliniki na kadi ya bima kila anapokwenda.

Asipoweza kulipa, asirudi nyumbani kimya. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Aende huko aeleze hali yake. Kama ana bima, aulize mapema ni dawa na vipimo gani vinalipiwa.

Usiondoe kiti chake

Sasa nirudi kwa yule mama. Wawili wa kikundi walikwenda kwake Jumatatu moja. Hawakwenda na hotuba. Walikuta kikapu chake kimetundikwa ukutani, na ndani yake sweta ya mtoto ilikuwa imefumwa nusu. Mmoja akaichukua, akaketi, akaanza kuendeleza mahali alipoishia. Mwenyewe akamwangalia kwa muda, kisha akasema: "Hapo umekosea, fumua." Ndipo wakaanza kuongea. Alieleza habari ya nauli na ya vidole. Alhamisi ya wiki ile mmoja wao alimsindikiza kliniki, akamsaidia kusema mbele ya daktari yale aliyokuwa akiyaficha. Matibabu yalipangwa upya na akayamaliza. Leo yuko kwenye vidonge vya kila siku, na anafuma kwa sindano nene. Vidole viwili bado vina ganzi.

Mtu mwenye saratani huitwa mgonjwa kutwa nzima: nyumbani, hospitali, msikitini au kanisani. Kikundini anaweza kubaki fundi. Kwa hiyo:

- Mtumieni picha ya kazi ya wiki na kumwomba maoni.
- Asifutwe kwenye daftari la wanachama, wala kwenye mchezo wa kutunziana pesa kama mna mchezo. Kubalianeni naye jinsi ya kusogeza zamu yake.
- Mwalikeni kila mara, na akisema leo siwezi, msinune wala msiache kumwalika.
- Pangeni zamu kwa majina na tarehe. Msipoandika nani anakwenda lini, kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda.

Watoto wake na anayemuuguza

Watoto huona kila kitu. Mweleze mlezi wao kwamba ni vizuri wakaambiwa ukweli kwa maneno ya umri wao: mama anaumwa, ugonjwa unaitwa saratani, anatumia dawa kali, si kosa lenu na hamtaambukizwa. Ninyi wa kikundi mnaweza kuwasindikiza shule, kusimamia kazi za nyumbani au kuwalaza kwenu siku ya dripu.

Kama ana mtoto anayenyonya, azungumze na daktari kabla ya dripu ya kwanza, kwa kuwa dawa za kemo hupita kwenye maziwa na hapaswi kunyonyesha akiwa anazitumia. Pia atumie njia ya uzazi wa mpango isiyo na homoni, kwa ushauri wa kliniki, maana dawa hizi na vidonge vya tamoksifeni vinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Msimsahau mlezi. Anayeamka usiku kuosha matapishi naye anachoka. Mwambie: "Leo nakaa naye mimi kuanzia saa nane hadi jioni, wewe nenda ukalale."

Aende hospitali mara moja akiona haya

Usisubiri kesho wala siku ya kliniki, hata kama ni usiku:

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, akiwa kwenye kemo. Kinga ikiwa chini, maambukizi yanaweza kuua ndani ya muda mfupi. Usimpe panadoli ukangoja, kwa kuwa inaweza kushusha homa na kuficha hatari. Nunueni kipimajoto, kikae nyumbani kwake. Mkifika, semeni mara moja mlangoni: "Huyu yuko kwenye dawa za saratani."
- Kutapika au kuharisha kiasi kwamba hawezi kushusha hata maji.
- Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua.
- Kutokwa damu isiyokoma puani, kwenye fizi au sehemu nyingine.
- Mkono au kidonda kuwa chekundu, cha moto, chenye maumivu au usaha.
- Kuchanganyikiwa, au miguu kuishiwa nguvu ghafla.

Kama amekata tamaa kabisa, hali wala halali, au anasema ni afadhali afe, usimwache peke yake. Mweleze muuguzi au daktari wake siku hiyo hiyo. Huzuni kubwa nayo hutibiwa.

Kama haitapona

Wapo watakaoambiwa kwamba saratani imesambaa na haiwezi kuondolewa yote. Hata hapo matibabu yapo. Tiba shufaa hupunguza maumivu, kichefuchefu na kukosa pumzi, na mgonjwa anaweza kuipata huku akiendelea na dawa nyingine. Morfini ya kunywa hutumika kutuliza maumivu makali ya saratani. Ikitumiwa kama daktari alivyoelekeza ni salama, na kuandikiwa morfini hakumaanishi kwamba mtu anakufa kesho. Asiachwe alie kwa maumivu kwa kuogopa dawa.

Na msiache kwenda. Atakayeshindwa kufuma anaweza bado kutaka kusikia mkigombana kuhusu rangi.

Na wewe, mama?

Habari ya mwenzako huenda imekutia hofu. Itumie hofu hiyo. Yajue matiti yako yanavyokaa kawaida. Nenda kituo cha afya ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani ghafla, inatoa damu au majimaji, au titi moja limebadilika umbo. Nenda hata kama hakuna maumivu, kwa sababu uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Kama mama yako, dada yako au binti yako amewahi kupata saratani ya titi, mwambie mhudumu.

Jumamosi hii mkikutana, kabla ya kufungua vikapu, chukueni daftari. Andikeni tarehe ya dripu yake ijayo, jina la atakayemsindikiza, na nauli iko kwa nani. Kisha endeleeni kufuma, na mahali pake barazani pabaki wazi.